Mtoto wa Tatu wa Bi Hadija

Siku nesi Diana aliporudi Ujiji, Mwasiti alikuwa amepiga magoti mbele ya sufuria kubwa, anaengua mawese yaliyopanda juu ya maji na kuyamimina kwenye ndoo. Kazi hiyo haitaki haraka. Ukizamisha upawa sana unachota maji, ukiuinua sana unaacha mafuta. Upande wa pili wa jiko dada yake Hasna alikaa kwenye kigoda, anachambua chikichi na kuzungumza, maana Hasna hakuwahi kufanya kazi bila kuzungumza.

"Yule mtu wetu wa milimani anakuja," alisema bila kugeuza shingo. "Nimezijua nyayo. Watu wa Kalinzi hata kwenye tambarare wanatembea kama wanapanda mlima."

"Shikamooni," Diana alisema, akiinama kupita chini ya kamba ya nguo.

"Marahaba. Mwakeye," Hasna aliongeza salamu ya Kiha. "Kahawa yangu iko wapi?"

"Nimesahau, dada Hasna."

"Damu za watu mnakumbuka kuzichukua. Kahawa ya watu mnasahau."

Diana alicheka, lakini kidogo tu. Aliweka chini kisanduku chake cha baridi, akakaa ukingoni mwa mkeka kama mtu asiye na hakika kama atakaribishwa chakula. Mwasiti aliliona hilo. Akauweka upawa juu ya ndoo, akafuta mikono.

Mara ya kwanza Diana alikuja wakati wa kiangazi, na siku hiyo alizungumza vizuri mpaka majirani wakavuta viti. Alikuwa mfanyakazi wa Mpango wa Taifa wa Tiba Mahsusi, uliokuwa ukipita mkoa kwa mkoa kuchukua damu za watu na kuzisoma. Aliwaeleza kwamba dawa nyingi tunazomeza zilijaribiwa kwa watu wa mbali, na hata vitabu vinavyosema nani yuko hatarini viliandikwa kutokana na damu za watu hao. Kwetu vinapatia pengine na vinakosea pengine. Damu zikisomwa za kutosha, daktari atajua dawa ipi inamfaa nani, kwa kipimo gani, na nani aangaliwe mapema kabla hajaugua. Ujiji walitakiwa sana, kwa kuwa Ujiji watu wake walitoka pande nyingi: Manyema ng'ambo ya ziwa, pwani, milima ya Uha. Nyumba moja unakuta wote hao wamo, wanagombania godoro moja.

Nyumba hii ilikuwa na sababu ya ziada. Mama yao, Bi Hadija, alifariki kwa saratani ya titi. Dada yake alitangulia kwa ugonjwa huohuo, na bibi yao naye, kwa walivyokumbuka wazee, aliondoka na kidonda cha kifua. Diana alisema ugonjwa wa namna hiyo mara nyingine hutembea ndani ya ukoo. Katika maandishi ya mwili kuna mahali pameharibika, na mzazi mwenye kasoro hiyo humpa mtoto au asimpe, nusu kwa nusu. Mwanamke aliyeipata hafi kwa kuipata. Anatakiwa tu apigwe picha kila mwaka, ili kitu kikianza kikutwe kingali kidogo. Bi Hadija hakupigwa picha. Alificha uvimbe wake chini ya kanga mpaka siku aliposhindwa kuinua upawa.

Kisha Diana akachora. Duara kwa mwanamke, mraba kwa mwanamume. Akauliza watoto wa Bi Hadija ni wangapi.

"Watatu," Hasna alijibu. "Kaka yetu Gharib, mimi, na huyu Mwasiti."

"Mama mmoja, baba mmoja?"

"Mama mmoja, baba mmoja."

Alijibu kama mtu aliyeulizwa jina lake. Diana akavuta mistari mitatu kutoka kwa Bi Hadija kwenda kwa watoto wake. Mwasiti alikuwa amekaa palepale, begani pa Diana, na kinywa alikuwa nacho. Aliutazama ule mstari wa tatu ukishuka kutoka kwenye duara la mama yake mpaka kwenye duara lake yeye, mweusi na ulionyooka kama mingine, naye hakusema neno.

Ukweli ni kwamba Bi Hadija hakumzaa Mwasiti. Aliyemzaa alikuwa mwanamke wa Mwamgongo, kijiji cha ufukweni upande wa kaskazini, aliyeletwa mjini kwa boti akiwa na uchungu, akajifungua na asiamke tena. Mumewe alikuwa mvuvi, na samaki wake alikuwa akimuuzia Mzee Hamdani, mume wa Bi Hadija. Hakuwa na mtu mwingine mjini. Akaja mlangoni amemfunga mtoto kwenye shati lake mwenyewe. Bi Hadija alikuwa na Hasna kifuani. Wanasema hakuuliza swali hata moja. Alimhamishia Hasna titi la kushoto, akampokea mgeni upande wa kulia. Baba alikuja kumtazama mtoto mara kadhaa, halafu akavuka kwenda Kongo, na habari zake zikakatika.

Kwa sheria ya dini yao, maziwa yale yalitosha. Mwasiti akawa dada wa Hasna na wa Gharib. Gharib hawezi kumuoa hata dunia ikibaki na wao wawili, na mbele yake Mwasiti hana haja ya kujifunika kichwa. Bi Hadija naye akaongeza sheria yake: nyumbani kwake neno "mtoto wa kunyonya" halitamkwi. Gharib alilitamka mara moja akiwa mdogo, katika ugomvi wa muwa, akapata mwiko wa mgongo ambao hata leo akisimuliwa hujikuna.

Baada ya hapo siku moja tu neno hilo lilisemwa wazi, nayo ilikuwa siku ya kugawa mirathi. Shehe alieleza kwa upole kwamba mtoto wa maziwa ni mtoto, ila hana fungu katika urithi. Bi Hadija alilijua hilo na alikuwa ameusia mapema: banda la kukamulia mawese na sufuria kubwa ni vya Mwasiti. Basi hakuna aliyedhulumiwa. Shehe alipomaliza, Hasna akasema, "Haya, sheria imezungumza na sote tumesikia. Sasa tule." Na tangu siku hiyo hakuna aliyelirudia.

Kwa hiyo Hasna hakumdanganya nesi. Hakukumbuka kwamba kuna jambo la kukumbuka.

"Majibu yenu hayajatoka," Diana alisema sasa, akitazama vidole vyake. "Maabara ya Dar es Salaam inasema damu za nyumba hii haziafikiani na mchoro niliopeleka. Wanadhani chupa zimechanganyika. Imenibidi nije kuchukua upya."

"Zimechanganyika na za nani?" Hasna aliuliza.

"Hawajui. Huenda ni mimi nilibandika majina vibaya. Siku ile tulipita nyumba nyingi. Mpaka ijulikane kosa liko wapi, hawatoi jibu la mtu yeyote wa hapa. Hawawezi kumwambia Hasna habari ambayo pengine ni ya mwingine."

"Na haya mapya yatachukua muda gani?" Mwasiti aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na yeye mwenyewe aliishangaa.

"Miezi miwili. Yakichelewa, zaidi."

"Wale madaktari wa mashine ya picha je?" Hasna alisema.

Madaktari bingwa walikuwa wamekuja na mashine yao kwenye hospitali ya mkoa, na walikuwa wakiwaona wanawake ambao Mpango umeshawapa majibu. Mji mzima ulijua kwamba mwisho wa mwezi wanafunga mizigo.

"Watakuwa wameondoka," Diana alisema. "Watarudi mwakani."

Hasna aliacha kuchambua chikichi, akaacha na kuzungumza. Mwasiti hakuwahi kumwona hivyo tangu siku ya msiba wa mama yao. Mkono wake wa kulia ulikwenda wenyewe, ukapenya chini ya kanga, ukatulia chini ya kwapa la kushoto, halafu ukatoka kana kwamba umegusa moto.

"Basi chukua," alisema baadaye, akanyoosha mkono ule mwingine. "Ila safari hii chupa yangu uifunge kitambaa chekundu. Nisije nikapewa majibu ya mzee fulani wa Ilagala, nikaambiwa nina tezi dume."

Diana akachukua damu ya Hasna. Alipomgeukia Mwasiti, Mwasiti alisema mikono yake imejaa mafuta, kesho atakwenda mwenyewe hospitali. Lilikuwa neno la kipuuzi, maana mafuta huoshwa. Diana alimtazama kidogo, akafunga kisanduku chake.

Asubuhi Mwasiti alipanda bajaji kwenda Kigoma. Njia nzima aliyapanga mambo kichwani mwake kama anavyopanga madumu, moja baada ya jingine. Damu zile hazikuchanganyika. Zikichukuliwa mara ya pili zitasema vilevile, na mara ya tatu vilevile. Nesi atahesabiwa kosa ambalo si lake. Na Hasna atakaa nyumbani, mkono ukienda chini ya kwapa na kutoka. Yote hayo yalikuwa wazi. Lililomzuia kusema lilikuwa dogo na la aibu: ule mstari. Alikuwa hajawahi kuuona kabla, na alikuwa ameupenda.

Chumba cha Mpango kilikuwa mwisho wa jengo, chenye meza, friji inayonguruma na dirisha linaloangalia ziwa. Diana alikuwa peke yake.

"Hukukosea," Mwasiti alisema kabla hajakaa.

"Nini, dada?"

"Chupa. Hukukosea chupa. Bi Hadija alininyonyesha. Hakunizaa. Aliyenizaa alitoka Mwamgongo."

 Diana aliinuka, akafunga mlango, akarudi akavuta kiti chake upande ule aliokaa Mwasiti, meza isiwe katikati yao.

"Jana niliomba liwe kosa langu," alisema. "Unajua, damu inaona mambo mengi ambayo sisi hatukutumwa kuyasema. Kuna mahali watu wamepimwa kwa ajili ya dawa ya presha, wakarudi nyumbani ndoa imekwisha. Kwa hiyo tumefundishwa kunyamaza, turudie kipimo, na mtu asiulizwe. Akitaka kusema, aseme mwenyewe."

"Nimesema mwenyewe. Majibu ya Hasna yatatoka?"

"Nikirekebisha mchoro, damu zitaafikiana. Jibu lake nadhani lipo tayari, limezuiliwa tu. Nitapiga simu leo."

"Na mimi?"

"Wewe hatari ile haikuhusu. Haikutoka upande wako." Diana akaongeza taratibu, "Ni habari njema, dada Mwasiti."

"Ndiyo," Mwasiti alisema.

Aliitafuta furaha ndani yake akaikuta ipo, lakini ilikuwa imekaa pembeni, kama mgeni aliyefika nyumba yenye matanga. Alitazama nje. Boti la abiria lilikuwa likielekea kaskazini, limejaa magunia na watu.

"Nyumba ilipogawanywa sikupata fungu, na sikusikitika hata kidogo," alisema. "Nikadhani angalau hatari hii nitagawiwa."

Diana hakucheka, wala hakumwambia kwamba si vizuri kusema hivyo. Alichukua karatasi mpya na kalamu.

"Utanifuta?" Mwasiti aliuliza.

"Hatufuti mtu."

Akachora upya. Bi Hadija na Mzee Hamdani, kisha Gharib na Hasna, kila mmoja na mstari wake. Halafu duara la tatu, palepale lilipokuwa, kando ya la Hasna. Kutoka kwa Bi Hadija akalishushia mstari mwingine, uliokatika na kuendelea, ukakatika na kuendelea.

"Huu ni wa vipande vipande," Mwasiti alisema.

"Ndivyo tunavyomwandika mtoto aliyelelewa. Dunia nzima wanaandika hivyo."

Mwasiti aliufuata kwa kidole, bila kuigusa karatasi. "Lakini unafika."

"Unafika."

"Haya."

"Bado kuna upande huu," Diana alisema, kalamu ikisubiri juu ya duara la Mwasiti, mahali palipokuwa peupe. "Damu yako haitupwi. Watu wa Mwamgongo tunawahitaji pia, na tunao wachache. Unamjua aliyekuzaa?"

Mwasiti alimjua kwa jina tu. Kila mwaka walipowaombea dua marehemu wa nyumba, Bi Hadija aliwataja wote, baba na mama na dada zake, na mwishoni kabisa, kwa sauti ya chini kidogo, aliongeza jina moja la Kikristo. Shehe aliwahi kumuuliza habari ya jina hilo. Bi Hadija akamjibu kwamba huyo ni mtu waliyeshirikiana kazi.

"Veneranda," Mwasiti alisema. Halafu, kwa kuwa hakuwahi kuliona jina hilo limeandikwa mahali popote, akasema, "Liandike vizuri."

Diana akaliandika kwa herufi kubwa, polepole, likajaza upana wa karatasi.

Mwasiti aliporudi nyumbani alimkuta Hasna ameshawasha moto na sufuria inachemka.

"Ulikwenda kutoa damu au kuipanda?" Hasna alisema. "Adhuhuri hii."

"Nilikwenda kusema." Mwasiti akavua viatu, akakaa, akamweleza jambo lote kwa mpangilio, tangu chupa hadi mstari wa vipande. Hakuruka kitu. Hasna alisikiliza mpaka mwisho.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Mama alisema nini juu ya neno hilo?"

"Lisitamkwe nyumbani kwake. Nimelitamka hospitali."

"Usinichekeshe, Mwasiti. Nimekasirika." Na kweli alikuwa amekasirika, mdomo wa juu ulikuwa ukimcheza. "Ningesubiri. Miezi miwili ni nini? Ningekaa hapahapa nikasubiri."

"Mama alisubiri," Mwasiti alisema.

Hasna aliinuka, akanyakua upawa, akaanza kuengua. Aliuzamisha mpaka chini, akamimina maji matupu kwenye ndoo ya mafuta, akazamisha tena.

"Unachota maji, dada."

"Nachota ninachotaka. Sufuria si yako? Si uliachiwa wewe?"

Mkono wake ukasimama hewani. Upawa ulidondosha matone mekundu juu ya jiwe la jiko, yakachemka na kukauka.

"Sikukusudia hivyo," alisema.

"Najua."

"Mimi maneno yananitoka kabla sijayaona."

"Najua, dada. Tangu tukiwa wadogo."

Hasna alirudi kwenye kigoda chake. Alipozungumza tena, sauti yake haikuwa ile inayofika kwa majirani.

"Nilikuwa nimeshapanga. Wakituita, tutaitwa wawili. Wakisema ninayo, pengine na wewe unayo, tutakwenda wote, tutalia wote, yatakwisha. Na wakisema wewe huna, basi nilijua utaona haya kufurahi mbele yangu, nitakutania mpaka uzee wako. Sikupanga kwamba utatoka. Sasa umeniacha mle ndani na Gharib, na Gharib akiona sindano anazimia."

 Mwasiti alisogeza ndoo, akasubiri maji yatulie chini na mafuta yapande, kisha akaanza kuyatenganisha upya, kidogo kidogo. Ilimchukua mchana wote. Hasna alikaa hapo muda wote huo bila kuondoka, na kabla ya magharibi alikuwa ameanza kuzungumza, mwanzoni juu ya bei ya kuni.

Wiki haikuisha, Diana akaja na majibu. Gharib alitoka Kibirizi, anakotengeneza injini za boti, akaja na ovaroli lake na mikono ya grisi. Diana alimwita kila mmoja peke yake chumbani. Gharib alitoka kwanza, akaegemea nguzo ya kibaraza na kuangalia chini, maana yeye hakuipata ile kasoro. Hasna alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka alikuwa ameikaza kanga kiunoni, kama anakwenda kubeba kitu.

"Mimi mama ameniachia," alisema. "Gharib na mwili wote ule hakuachiwa chochote."

 Gharib akamshika dada yake begani, akamwachia alama nyeusi ya grisi kwenye gauni. Hasna akaitazama, akasema hiyo sasa ataifua yeye Gharib mwenyewe, kwa mkono.

Madaktari walimpangia Alhamisi, siku mbili kabla hawajaondoka. Walikwenda wawili, Hasna na Mwasiti. Ukumbi ulikuwa na wanawake wengi na kelele kidogo sana. Walipoitwa, mhudumu aliwapeleka kwenye kichumba cha kubadilishia nguo, chenye benchi na pazia la kijani, akamwambia Hasna avue sehemu ya juu, ajifunike kanga, angoje.

Mhudumu alipoondoka, Hasna alishika kifungo cha kwanza cha gauni lake. Hakukifungua. Alisimama hivyo, kidole kwenye kifungo, akilitazama pazia.

"Wanasema inabana," alisema.

"Diana amesema inabana kidogo tu, halafu inaachia."

"Unasimama pale kifua wazi, kama samaki mgebuka mezani sokoni, mtu anakugeuza."

"Nitakushikia nguo zako."

"Sihitaji kushikiwa nguo." Hasna akamgeukia. Macho yake yalikuwa yamejaa, lakini sauti ilikuwa ileile ya kuamrisha, sauti ya mtoto aliyetangulia kwa miezi michache na hajawahi kuisahau. "Vua na wewe."

"Mimi hawanitafuti kitu, dada."

"Nani amekuuliza wanakutafuta nini? Nitakuwaje hivi peke yangu, na wewe umejifunga mpaka shingoni kama bibi harusi? Vua."

Mwasiti alimwangalia. Kisha akaweka mkoba wake kwenye benchi, akavuta gauni juu ya kichwa chake, akalikunja. Akavua na kilichobaki. Hasna akafungua kifungo cha kwanza, cha pili, na vingine vyote. Hawakuwahi kuonana hivyo tangu walipokuwa wasichana wanaoga ziwani, na sasa kila mmoja aliona jinsi miaka ilivyompitia mwenzake. Chumba kilikuwa na baridi ya mashine. Wakakaa kwenye benchi bega kwa bega, kanga zimewateleza, vinyweleo vya mikono vimewasimama.

"Wewe yako yamekaa vizuri," Hasna alisema baada ya kuchunguza. "Kumbe yale mawese yanayopungua ndooni huwa yanakwenda huko."

Mwasiti alijaribu kujizuia, akashindwa. Kicheko kikawatoka wote wawili, kile cha kuziba mdomo, kinachozidi kadiri unavyokibana. Pazia likafunguka. Mwanamke wa mashine akachungulia, akaona wawili walio nusu uchi wanatikisika, akatazama karatasi yake.

"Hasna ni nani?"

"Ni mimi," Hasna alisema, akifuta macho. "Huyu amekuja kuona aibu pamoja nami."

Mwanamke yule alifikiri kidogo. "Atasimama nyuma ya kioo," alisema. "Na ajifunike, kuna baridi."

Mwasiti alisimama nyuma ya kioo, kanga mabegani. Aliiona mashine ikishuka na kubana, akaona uso wa Hasna ukikunjamana, na kila ilipoachia Hasna aligeuza macho upande wa kioo kuhakikisha. Baadaye wakaingia kwa daktari, mama wa makamo mwenye maneno machache, aliyempaka Hasna dawa ya kuteleza na kupitisha kifaa chake polepole upande wa kushoto. Alikirudisha mahali pamoja mara mbili. 

"Kuna kitu," daktari alisema. "Tazameni. Hiki hapa, kama punje ya ulezi."

Hasna hakutazama. Mwasiti ndiye aliyetazama, kwa niaba yao. Kwenye kioo cheusi cha mashine kulikuwa na doa dogo, dogo kiasi kwamba mtu angeweza kulipita.

"Leo nitachukua kipande kwa sindano, tukijue ni nini," daktari aliendelea. "Kikiwa kibaya, kitatolewa mwezi huu, na hao watakaokitoa nitawapigia simu mwenyewe. Lakini mama, nisikilize. Ni kidogo. Tumekikuta kingali kidogo. Ungekuja mwakani, tungezungumza lugha nyingine."

Hasna alifumba macho. Mkono wake ulitoka chini ya shuka, ukatafuta, Mwasiti akaupokea. Ulikuwa na rangi ya mawese kwenye mizizi ya kucha, kama wa kwake.

Daktari akaandaa sindano. Alipoiinua, Hasna alifungua jicho moja, akaiona, akalifumba tena.

"Daktari," alisema, "baada ya hapo itakuwa kila mwaka?"

"Kila mwaka, maadamu uko hai."

"Umesikia, Mwasiti?"

"Nimesikia."

"Kila mwaka utakuwa unavua."

"Nitavua," Mwasiti alisema. "Tulia sasa, anachoma."